Sitara si kumficha mtoto ugonjwa wake

 

Ndugu wasomaji, wamo katika nyumba zetu watoto wa miaka 9, 10, hata 13, ambao kila siku baada ya sala ya Magharibi hupewa kidonge na kuambiwa kuwa ni cha kifua, au cha kuongeza damu, au cha pumu waliyorithi kwa babu. Chupa ya dawa imekwisha kubanduliwa karatasi yake ya maandishi. Siku ya kliniki mtoto huambiwa asiwaambie wenzake anakokwenda, na akiuliza sababu huambiwa anyamaze, watoto wema hawaulizi. Naye hunyamaza. Lakini mtoto anayejua kusoma kibao kilichoandikwa juu ya mlango wa kliniki, na anayewasikia wauguzi wakizungumza, hujua mengi kuliko wazee wake wanavyodhani.

Wazazi na mabibi wanaofanya hivyo si watu wabaya. Aghalabu ndio haohao wanaoamka usiku kumfunika mtoto shuka na kuuza vitumbua asubuhi ili apate nauli ya kwenda hospitali. Ukiwauliza kwa nini wanamficha mtoto kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, watakujibu kwa neno moja: sitara. Wiki hii tunapenda tulitazame neno hilo, kwa sababu tunaona limebebeshwa mzigo usiokuwa wake, na anayeumia ni mtoto.

Sitara katika mafundisho ya dini yetu ni kumfunika ndugu yako ili aibu yake isitangazwe kwa watu wasiohusika nayo. Mwenye jambo analijua jambo lake. Wanaozuiwa ni wale wa nje. Hatujapata kusikia katika darasa la sheikh yeyote kwamba sitara ni kumficha mtu jambo lililo ndani ya mwili wake mwenyewe, jambo atakaloishi nalo mpaka siku ya kufa kwake. Isitoshe, ili pawe na aibu ya kufunikwa, sharti kwanza iwepo aibu. Mtoto ambaye kalamu ya amali haijaanza hata kumwandikia ametenda kosa gani?

Wengine watasema kwamba aibu si ya mtoto, ni ya mama yake. Hapa ndipo tunapoona dhulma kubwa. Wanawake wengi wameambukizwa ndani ya ndoa ya halali, iliyofungwa msikitini kwa mahari na mashahidi, na wamejua hali yao kwa kuwa tu wao ndio waliokwenda kliniki ya wajawazito. Kujua kwanza kukageuzwa kuwa ndiyo kuleta. Na yapo maambukizi ya watoto yasiyopitia kwa mama kabisa.

Mwaka 1998, katika hospitali ya watoto ya mjini Benghazi, Libya, iligundulika kwamba watoto zaidi ya 400 waliotibiwa hapo wameambukizwa virusi. Ghadhabu ya wazazi ilikuwa ya haki, lakini ilielekezwa kwa watu sita: wauguzi 5 kutoka Bulgaria na daktari 1 wa Kipalestina, walioshitakiwa kwamba wamewaambukiza watoto kwa makusudi, wakahukumiwa kifo, na hawakuachiwa hadi Julai 2007. Mwaka 2006 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vinasaba vya virusi hivyo, ukaonyesha kwamba vilikuwa vimeanza kusambaa hospitalini hapo kabla ya wageni hao kufika mwezi Machi 1998. Miaka mingi ilitumika kumtafuta mwenye nia mbaya, ilhali swali la usafi wa vifaa vya tiba ndilo lililokuwa likiwangoja watoto wengine.

Jambo kama hilo lilirudi Aprili 2019 huko Ratodero, mji mdogo wa wilaya ya Larkana, mkoa wa Sindh nchini Pakistan. Hadi mwaka ule unamalizika, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamegundulika, na takriban wanne kati ya kila watano walikuwa watoto. Mama wa wengi wao walipopimwa walikutwa hawana virusi. Wachunguzi walielekeza kidole kwenye sindano zilizotumiwa zaidi ya mara moja na dripu zilizotundikwa ovyo katika vizahanati vya mitaani, ambako homa ndogo ya mtoto hudungwa sindano badala ya kupewa dawa ya kunywa. Tunaitaja miji hii miwili ya Waislamu ili mzazi anayesoma hapa akumbuke mambo mawili: kwamba asikubali mwanawe adungwe sindano ambayo hakuiona ikifunguliwa kwenye pakiti yake, na kwamba asiwe mwepesi wa kumnyooshea mke kidole. Wembe mmoja kwa watoto wengi katika tohara, chale au kuumika ni wa hukumu hiyohiyo.

Pamoja na hayo, kwetu Afrika Mashariki njia kuu ni ya mama kwenda kwa mtoto: katika mimba, wakati wa uzazi, au kwa maziwa. Pasipo kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa zake barabara na mtoto akapewa dawa ya kinga tangu saa za mwanzo za uhai wake, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Ni mambo machache sana katika tiba yaliyo na tofauti kubwa namna hii kati ya kufanya na kutofanya.

Kuna desturi yetu moja ambayo tungependa itumike vizuri zaidi. Mzazi wa Pwani hukaa ndani siku arobaini, kisha hutoka na mwanawe. Siku hizo zinakaribiana sana na wiki ya 6, na wiki ya 6 ndiyo wakati ambao mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi anatakiwa awe amepimwa. Hapimwi kwa kipimo cha watu wazima, maana damu yake bado ina kinga aliyopewa na mama tumboni, nayo inaweza kukaa humo hadi miezi 18 na kukidanganya kipimo. Huchomwa kidogo kisiginoni, matone ya damu yakadondoshewa kwenye karatasi maalumu, na maabara ikatafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Basi siku ya kutoka arobaini na iwe siku ya kisigino. Bibi anayesema mtoto asitolewe nje mpaka apate nguvu anasema kwa mapenzi, lakini kwa mtoto huyu mmoja ushauri wake una hatari, kwa kuwa vifo vya watoto walioambukizwa huwa vingi mno kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Bila matibabu, thuluthi yao hawafikishi mwaka, na nusu hawafikishi miaka 2.

Kinachowaua wachanga hao mara nyingi ni homa ya mapafu ya aina yake, iletwayo na kijidudu cha jamii ya fangasi ambacho mwili wenye kinga timamu haukijali. Mtoto wa miezi mitatu au minne huhema mbiombio, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi ya samawati, na pengine homa yenyewe si kali. Dawa rahisi ya Septrini ikianzwa wiki ya 6 huzuia wengi wasifike huko. Mwaka 2008 madaktari wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya utafiti uliolinganisha wachanga walioanzishiwa dawa za kupunguza makali mara tu walipogunduliwa na wale waliosubiriwa mpaka dalili zijitokeze. Vifo kwa walioanza mapema vilikuwa pungufu kwa asilimia 76. Tangu hapo hakuna tena mjadala wa kungoja. Ikiwa mtoto ana virusi, aanze dawa.

Kuhusu kunyonyesha, wengi wetu tunaifahamu aya ya 233 ya Surat al-Baqara inayotaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza. Kwa muda mrefu mama mwenye virusi alikuwa njia panda, akiambiwa na huyu anyonyeshe na huyu asinyonyeshe, na maziwa ya kopo yaliyochanganywa kwa maji machafu yakaua watoto kwa kuharisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulimruhusu kunyonyesha walau mwaka 1 akiwa kwenye dawa, na ule wa mwaka 2016 ukasema anaweza kufikisha miezi 24 au zaidi, mradi anatumia dawa bila kukosa. Mama na afurahi kwa hilo. Lakini miezi 6 ya kwanza iwe ya maziwa yake peke yake. Maji, uji mwepesi na dawa za kienyeji za tumbo huchubua utumbo mchanga wa mtoto na kuufungulia virusi mlango.

Tuguse pia mambo mawili ambayo zahanati haziyaulizi kwa kuwa ni ya nyumbani mwetu. La kwanza ni tahniki, kumlambisha mtoto tende iliyolainishwa. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha habari za watoto watatu walioambukizwa kwa kulishwa chakula kilichotafunwa kwanza na mtu mzima mwenye virusi, na vidonda au damu ya fizi ndivyo vilivyoshukiwa. Hatusemi sunna hii iachwe. Anayetafuna na awe mtu anayejua hali yake na mwenye kinywa kisicho na kidonda, au tende ilainishwe kwa maji safi na kusagwa kwa kidole kilichooshwa. La pili ni mama wa kunyonya. Mtoto akifiwa na mama na jirani akajitolea kumnyonyesha, fiqhi yetu inamhesabu jirani huyo kuwa mama yake na wanawe kuwa ndugu zake. Mama wa namna hiyo na apimwe kabla ya kumpa mtoto ziwa, wala asione ametukanwa.

Si kila mtoto aliyeambukizwa huumwa utotoni. Wako wanaofika miaka 7 au 10 bila mtu kujua, na mwili wao huwa unasema kwa lugha ambayo familia huitafsiri vingine. Masikio yanatoka usaha mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto akaanza kutosikia vizuri na mwalimu wa madrasa akamhesabu kuwa mkaidi. Mashavu yamevimba mbele ya masikio kama ya matubwitubwi, lakini hayaumi na hayapungui. Utando mweupe kinywani haukomi. Mkanda wa jeshi, ugonjwa tuliouzoea kwa watu wazima, unamtokea mtoto wa darasa la pili. Kimo kimesimama, na binti wa miaka 14 anadhaniwa kuwa na 10. Moja kati ya haya peke yake si ushahidi wa kitu. Yakikutana mawili matatu, kipimo ni cha dakika chache tu.

Mapafu tungependa tuyazungumze zaidi, kwa kuwa hapo pana makosa mengi. Mtoto mwenye kikohozi cha miaka hutibiwa kifua kikuu mara moja, mara ya pili, hata ya tatu. Ni kweli kwamba kifua kikuu humwandama sana mtoto mwenye virusi, na kila mmoja wao yapasa atazamwe kwa ugonjwa huo. Lakini uchunguzi uliofanywa Harare, Zimbabwe, kwa vijana walioishi na virusi tangu kuzaliwa umeonyesha kwamba wengi wao wana ugonjwa sugu wa mapafu usiokuwa kifua kikuu: njia ndogo za hewa zimekwisha kukakamaa na kuziba. Kijana wa aina hiyo hawezi kukimbia na wenzake, hupumua kwa shida akipanda ngazi, na ncha za vidole vyake huvimba kama virungu vidogo. Dawa za virusi haziwezi kuyafungua mapafu yaliyokwisha haribika. Hili ndilo deni la kuchelewa kupima, na analilipa mtoto maisha yake yote.

Ubongo nao huguswa mapema. Mtoto aliyekuwa ameanza kukaa anaacha kukaa. Aliyesema baba, mama, anarudi kwenye kimya. Miguu inakakamaa, kichwa hakikui sawa na umri. Ni hapo ambapo jina la jini hutajwa, au la jirani mwenye kijicho. Hatuna ugomvi na dua, wala na mwenye kumwandikia mtoto kombe kwa aya za Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alituombea na akatuamrisha kutafuta tiba, na hatujaona aliposema tuchague moja. Ugomvi wetu ni na yule anayemwambia mama, "Acha vidonge kwanza, dawa hii haichanganywi." Tanzania nzima inakumbuka mwaka 2011, maelfu walipofuatana kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, Waislamu na Wakristo kwa pamoja, na baadhi yao wakaacha dawa za virusi kwa kuamini wamepona. Virusi havikuacha kazi yao. Mtoto hakai kwenye foleni ya namna hiyo kwa hiari yake, hupelekwa.

Moyo, figo, meno na ngozi navyo huathirika, na saratani ya Kaposi imeonekana hata kwa watoto wadogo wa ukanda wetu. Hatutaki kuyaeleza yote hapa na kumtisha msomaji ambaye mwanawe yuko kwenye dawa na anaendelea vizuri. Mtoto aliyeanza mapema na kumeza kila siku aghalabu huyakwepa mengi ya haya, akasoma, akakhitimu Qur'ani, akaoa au kuolewa, na kupata watoto wasio na virusi.

Dawa zenyewe zimebadilika sana, na tunaona habari hizi hazijafika kila nyumba. Miaka iliyopita watoto wengi wadogo walipewa lopinaviri na ritonaviri ya maji, iliyokuwa chungu kupita kiasi, iliyotaka jokofu mahali pasipo umeme, na iliyokuwa na kileo takriban asilimia 42. Wapo wazazi wa Kiislamu waliolisoma hilo kwenye maelezo ya chupa na wakaacha kumpa mtoto. Kanuni ya dharura katika fiqhi inajulikana, na tunaamini kuokoa uhai wa mtoto ilikuwa dharura iliyo wazi, lakini fazaa ya wazazi hao ilikuwa ya kweli na hawakustahili kuchekwa. Leo jambo hilo limepungua uzito. Tangu mwaka 2021 nchi za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda miongoni mwa za mwanzo, zimeanza kupokea dolutegraviri ya watoto, kidonge kidogo chenye ladha ya tunda kinachoyeyuka katika kijiko cha maji na kisichohitaji jokofu. Utafiti uliohusisha watoto wa Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2021 ulikuta kwamba tiba ilishindwa kwa asilimia 14 ya waliotumia dawa hii, dhidi ya asilimia 22 ya waliotumia dawa nyingine za wakati huo. Ikiwa mtoto wako bado anatapika dawa za zamani, muulize mhudumu wa kliniki.

Hata hivyo dawa nzuri iliyo ghalani haimtibu mtu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023, ni watoto 57 tu kati ya kila 100 wenye virusi duniani waliokuwa kwenye matibabu, ilhali kwa watu wazima walikuwa 77. Watoto wapatao 76,000 walifariki mwaka huo kwa sababu za UKIMWI. Februari 2023 mawaziri na wajumbe wa nchi 12 za Afrika walikutana Dar es Salaam na kutoa azimio la kuumaliza UKIMWI wa watoto. Azimio ni jema. Lakini mtoto aliyefichwa chumbani, ambaye mama yake anaogopa wifi atajua, waziri hana namna ya kumfikia.

Turudi basi kwa mtoto wetu wa kidonge cha kifua. Akiwa na miaka 6 humeza kwa kuwa mama amesema. Akiwa na miaka 13 anajiona hana kikohozi, basi dawa ya kifua ya nini? Anaificha chini ya godoro au anaitupa chooni. Yuko katika bweni la shule, na hataki kuulizwa. Dawa zinarukwa, virusi vinajenga usugu, na dawa iliyokuwa ikifanya kazi haifanyi tena. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 kwamba kati ya mwaka 2005 na 2012 vifo vya UKIMWI kwa watu wote vilipungua kwa asilimia 30, lakini kwa vijana wa balehe viliongezeka kwa asilimia 50. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo kuchelewa kupimwa na huduma zisizowajali vijana. Lakini kijana asiyejua anachokimeza amenyimwa hata sababu ya kukimeza.

Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2011 unataka watoto wa umri wa shule, miaka 6 hadi 12, waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waandaliwe kidogo kidogo. Si lazima mzazi amkalishe mtoto siku moja na kumtwisha kila kitu. Wa miaka 5 anaelewa kwamba mwilini mwake mna mdudu aliyelala na dawa inamzuia asiamke. Wa miaka 8 anaelewa kwamba damu ina askari, na mdudu huyo hupenda kuwala askari. Baadaye, akiwa na miaka 9 au 10, na akiwa ameonyesha kwa maswali yake kwamba yuko tayari, mdudu hupewa jina lake halisi. Asemaye na awe mama, baba au bibi, pamoja na mshauri wa kliniki kama yupo. Asisikie kwa shangazi aliyekasirika, wala asijisomee mwenyewe kwenye faili. Na huko Tanzania, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupimwa bila ridhaa ya mzazi. Atajua. Kilichobaki mikononi mwa mzazi ni kuchagua tu atajulia kwa nani.

Pingamizi kubwa tunalolisikia ni kwamba mtoto atatangaza. Wengine hutangaza, hatukatai, na ndiyo maana mtoto hufundishwa tofauti ya siri inayomlinda na siri inayomwonea, kama anavyofundishwa asimtajie mpita njia mahali zilipo fedha za nyumba. Pingamizi la pili linasemwa kwa sauti ya chini zaidi: ataniuliza nani alimwambukiza. Ndiyo, atauliza. Mama anayejibu kwamba virusi vilitoka kwake bila yeye kukusudia, kwamba wakati ule hakujua au hakupata dawa, na kwamba naye humeza kidonge chake kila siku, hapotezi heshima ya mwanawe. Aghalabu huanza kumeza pamoja, bilauri moja ya maji, saa moja.

Kwa walimu wa madrasa tunalo neno fupi. Mtoto hamwambukizi mwenziwe kwa mkeka, kwa sahani ya pilau ya Maulidi, kwa bomba la kutawadhia wala kwa juzuu waliyoshirikiana. Mzazi akikuamini na kukueleza, hapo ndipo penye sitara ya kweli: habari ikome kwako, na asiombewe dua kwa jina mbele ya darasa zima. Mtoto akiomba ruhusa ya kwenda kumeza dawa, aruhusiwe bila kuulizwa maswali.

Katika Ramadhani, mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi ya kufunga, na mwenye virusi asishindanishwe na wadogo zake. Aliyebaleghe, mwenye afya nzuri na anayetumia dawa ya mara moja kwa siku, huweza kuimeza wakati wa futari au daku kwa mashauri ya daktari wake, ahakikishe tu kwamba saa aliyoichagua haibadiliki kila siku. Aliyedhoofu, anayeharisha au mwenye kifua kikuu yuko katika ruhusa ya mgonjwa. Tumesikia vijana waliofunga kwa siri na kuacha dawa mchana na usiku kwa kudhani ndiyo ibada iliyokamilika, wazazi wawatazame.

Limebaki suala la nauli. Dawa za virusi zinatolewa bure, Tanzania zikitolewa hivyo tangu mwaka 2004, lakini bibi anayelea yatima wawili kijijini hapati basi la bure kwenda hospitali ya wilaya. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi barani Afrika zilitikisika na watumishi wengi wa jamii, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wagonjwa, wakasimamishwa kazi. Misikiti yetu hukusanya zaka na sadaka kila mwaka, na fakiri na maskini ndio wanaotajwa mwanzo katika aya ya wanaostahiki zaka. Kamati inayoweza kununua spika nyingine, wakati zilizopo zinasikika hadi mtaa wa tatu, inaweza kutenga nauli ya mtoto na mlezi wake kwa safari za kliniki za mwaka mzima. Mwenye shida amwendee imamu au mweka hazina peke yake, apewe bila kuulizwa jina la ugonjwa, na orodha ya waliopewa isibandikwe ukutani.